Nani Amchague Mwamuzi? California 1986 na Mabaraza ya Ardhi ya Vijiji vya Bonde la Ruvuma

Mada kwa semina ya wajumbe wa mabaraza ya ardhi ya vijiji, Mtwara



1. Hoja
Wananchi wanaweza kumchagua mwamuzi na haki isiharibike, mradi kura yao isigeuke adhabu kwa uamuzi alioutoa.

2. Yaliyotokea California
Novemba 1986 wapiga kura wa jimbo la California, Marekani, waliulizwa kama Jaji Mkuu wao, Rose Bird, abaki au aondoke. Hakuwa na mpinzani. Kura ilikuwa ya ndiyo au hapana. Bird, mwanamke wa kwanza kuongoza Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, aliteuliwa mwaka 1977. Katika mashauri yote ya adhabu ya kifo aliyoyaamua, zaidi ya 60, alitaka adhabu itenguliwe. Kampeni ya kumwondoa ikamkamatia hapo. Takriban theluthi mbili walimkataa, na wenzake wawili, Joseph Grodin na Cruz Reynoso, wakaondolewa pamoja naye. Nafasi zao zikajazwa na Gavana George Deukmejian, aliyekuwa mstari wa mbele kutaka Bird aondoke. Majaji waliofuata walijua ni hukumu ya aina gani inayoweza kumgharimu mtu kiti.

3. Utaratibu wetu
Kwetu Tanzania jaji hapigiwi kura. Jaji wa Mahakama Kuu, akiwamo anayekaa Kanda ya Mtwara, huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na Katiba inataka tume maalumu ichunguze kabla hajaondolewa kwa utovu wa maadili.

Kura iko huku chini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza majina, Mkutano wa Kijiji huyaidhinisha. Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Baraza la Kata, ambalo wajumbe wake huchaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, liliweza kuamua mashauri ya ardhi hadi mwaka 2021, sheria iliporekebishwa likabakiwa na usuluhishi. Kadiri mwamuzi anavyokaribia kura, ndivyo sheria yetu inavyompunguzia nguvu ya kuamuru.

4. Hatari iliyobaki
Hata hivyo, usuluhishi nao una shinikizo lake. Anayesuluhisha mgogoro wa mikorosho Kitaya au minazi Msimbati huswali na kuzika pamoja na wadaawa. Akiwaambia watu wa ukoo mkubwa kwamba mpaka wao umeingia katika shamba la mjane, anajua ukoo huo una mikono mingi mkutanoni siku jina lake litakaporudishwa.

5. Mapendekezo
(a) Majina yabandikwe ofisi ya kijiji kabla ya mkutano, ili pingamizi zihusu mwenendo wa mtu na zitolewe mapema.
(b) Mjumbe mwenye undugu au maslahi katika mgogoro akae pembeni, na muhtasari uandike hivyo.
(c) Mjumbe akikataliwa, sababu iandikwe. Rushwa, utoro na upendeleo ni sababu. Kutoridhika na suluhu moja si sababu.

Naomba majadiliano yaanze na pendekezo la tatu, kwa kuwa ndilo litakalopata upinzani mkubwa vijijini.