Mfanyabiashara mdogo huvuna nini Saba Saba?



Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam hufurika watu. Mabasi hushusha familia nzima nzima, walimu huwapanga wanafunzi mistari, na nje ya uzio wachuuzi hutandaza kofia, maji ya kunywa na vitu vya kuchezea watoto. Ni majira ya Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa, ambayo wananchi huyaita kwa jina fupi la Saba Saba, kwa kumbukumbu ya tarehe 7 Julai 1954 ilipozaliwa TANU. Mwaka 2024 maonyesho hayo yalifanyika kwa mara ya 48.

Wakubwa wanaoshiriki maonyesho hayo wanakijua wanachokifuata. Benki hutafuta wateja wa mwaka mzima, kiwanda hutafuta mawakala wa mikoani, na nchi ya kigeni hutafuta wanunuzi wa bidhaa zake. Lakini yupo mshiriki mwingine, ambaye hana shirika nyuma yake wala mkopo mnono mkononi: msindikaji wa pilipili, mshona viatu, mtengeneza sabuni, mwenye duka moja. Huyu huvuna nini?

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Morogoro amekuja na chupa 600 za pilipili ya kusaga. Kila chupa imemgharimu Sh. 1,500 kuitengeneza, naye anaiuza Sh. 3,000. Bahati ni yake, zinakwisha zote. Mkobani mna Sh. 1,800,000, na shangwe ni kubwa. Lakini chupa zenyewe zilimla Sh. 900,000. Ukijumlisha mchango wake wa banda, nauli, mzigo, malazi, chakula na posho ya msaidizi, nazo zikafika Sh. 900,000, faida yake ni sifuri. Tena kwa wiki zote hizo jiko lake nyumbani lilikuwa limezimwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu atarudi kwake akiamini kwamba amepata.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi haimo katika hesabu hiyo. Siku ya tano alifika mwenye maduka kutoka Dodoma, akaonja, akasifu, kisha akauliza maswali matatu: bei ya jumla ni kiasi gani, chupa 500 kila mwezi zitapatikana, na je, bidhaa ina alama ya ubora ya TBS? Mama hakuwa na jibu hata moja. Foleni ya wanunuzi wa chupa moja moja ilikuwa ikimsubiri, akamwomba mgeni arudi kesho. Mgeni hakurudi. Kama wangekubaliana Sh. 2,200 kwa chupa, mama angebakiwa na Sh. 350,000 kila mwezi, sawa na Sh. 4,200,000 kwa mwaka, bila kupanga banda popote.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kuuza si sawa na kupata soko. Mauzo huisha siku banda linapovunjwa. Soko huanza siku hiyo. Mdogo huenda kwenye maonyesho kama aendavyo gulioni, huku mkubwa akienda kutafuta mikataba. Wote wawili husimama chini ya jua moja, lakini hawako katika shughuli moja.

Wako watakaosema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni tamu, ila sokoni haimtoshi mtu. Pilipili nzuri isiyo na bei ya jumla, anwani wala uhakika wa kupatikana mwezi ujao haiwezi kujiuza Dodoma. Aidha, mwenye maduka makubwa mara nyingi hataki kulipa siku ya kupokea mzigo. Hulipa baada ya mwezi, miwili, hata mitatu. Mzalishaji mwenye mtaji wa chupa 600 hawezi kusubiri kiasi hicho. Ataipata oda, na oda hiyohiyo itamfilisi.

Yasisahauliwe pia maduka madogo ya mjini. Bidhaa ya kutoka nje ikiuzwa kwa bei ya kutupa katika siku za mwisho, ili mwenyewe asiisafirishe tena, mwenye duka wa Temeke hukosa mteja kwa muda mrefu baadaye. Serikali imekwisha kuonyesha kwamba jambo la namna hii inalitazama. Julai 2025 ilitolewa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja isipokuwa kwa nafasi chache zilizotajwa. Amri hiyo yaweza kumlinda mwenye duka dhidi ya mshindani, lakini haiwezi kumtunzia daftari lake.

Basi lifanyike nini? Kwanza, wadogo wasiende peke yao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wasindikaji kumi wa pilipili wa wilaya moja, wakiungana katika ushirika, wataweza kugawana gharama za banda, kujaza oda ya chupa 500 bila kuyumba, na kustahimili malipo yanayochelewa. Mmoja atauza, mwingine atazungukia mabanda kutafuta mawakala, wa tatu ataandika jina na anwani ya kila aliyeuliza bei ya jumla.

Pili, maandalizi yaanze mapema. SIDO ipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na TBS tangu 1975 kwa ajili ya viwango. Milango hiyo ibishwe Januari; Juni mtu atakuwa amechelewa.

Tatu, vipimo vya mafanikio vibadilike. Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009 ikirithi kazi za bodi mbili, ya biashara ya ndani na ya nje, ili masoko yote mawili yatazamwe kwa jicho moja. Idadi ya watu waliopita getini ni habari njema, lakini haijibu swali. Yafaa kila mshiriki mdogo atembelewe baada ya miezi sita na aulizwe: ni mnunuzi gani wa Saba Saba ambaye bado anakuletea oda?

Kazi hii inawahusu pia walimu na watumishi wa umma. Afisa biashara wa wilaya anayesubiri barua ya mwaliko ndipo awakusanye wazalishaji amewapeleka gulioni. Mwalimu wa hesabu anayemfundisha mama wa jirani kutenganisha gharama, mauzo na faida katika daftari la kurasa thelathini amemfanyia jambo ambalo kiongozi anayepita bandani, akaonja na kusifu, hakumfanyia.

Mabanda yatavunjwa, na Barabara ya Kilwa itarudia hali yake. Mama wa Morogoro anastahili kuondoka na kitu kilicho zaidi ya mkoba uliojaa kwa usiku mmoja. Aondoke na jina la mnunuzi, bei waliyokubaliana, na tarehe ya kupeleka mzigo wa kwanza.