Njaa ya Ulaya Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza



Katika simulizi za misheni, Ulaya hutajwa kama mahali zilikotoka fedha, vitabu na dawa. Ni nadra kutajwa kwamba watu wale wale waliotoa sadaka hizo walipata kulala na njaa. Habari hiyo inastahili nafasi yake katika historia hii, kwa maana iliufikia hata mlima Kilimanjaro.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Ujerumani ilikuwa ikiagiza kutoka nje takriban theluthi moja ya chakula chake. Manowari za Uingereza zikafunga njia za bahari. Hata hivyo, si adui peke yake aliyeleta njaa. Wanaume na farasi waliondolewa mashambani, na naitrojeni iliyohitajika kwa mbolea ikapelekwa kutengeneza baruti. Mwaka 1915 serikali, ikihesabu kwamba nguruwe walikuwa wakila viazi vya watu, ilihimiza wachinjwe kwa mamilioni. Nyama ilijaa sokoni kwa muda mfupi, kisha ikaadimika, na mafuta pamoja na samadi vikapungua. Tena hayo yalikuwa mashauri ya wataalamu!

Mwaka huo huo mkate, uliochanganywa na viazi, ulianza kutolewa kwa kadi za mgawo. Kisha mwaka 1916 mvua na ugonjwa viliharibu karibu nusu ya mavuno ya viazi. Majira ya baridi yaliyofuata Wajerumani waliyaita majira ya turnipu. Huo ni mzizi mnene ambao wakulima waliupanda hasa kwa ajili ya mifugo. Sasa ulitiwa katika mkate, ukapikwa supu, ukageuzwa jemu, hata ukakaushwa kuwa badala ya kahawa. Mgawo wa mtu wa mjini ulishuka hadi kalori 1,000 hivi kwa siku, chini ya nusu ya mahitaji yake.

Kadi ilikuwa moja kwa wote, lakini njaa haikuwa moja. Mkulima alikula cha shambani mwake, na tajiri alinunua kwa walanguzi. Mke wa askari, aliyeshinda kiwandani, alipanga foleni kabla ya mapambazuko na pengine akarudi mikono mitupu. Aprili 1917, mgawo wa mkate ulipopunguzwa tena, wafanyakazi wa Berlin na Leipzig waligoma kwa maelfu. Leipzig ndiyo makao ya misheni iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka huo wa 1917 hata kengele za makanisa ya Ujerumani ziliteremshwa na kuyeyushwa kwa ajili ya silaha.

Mapigano yalikoma Novemba 1918, lakini bahari haikufunguliwa kabisa hadi Julai 1919. Halafu fedha nayo ikafa: Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilifikia marki trilioni 4.2. Akiba ambayo mjane aliiweka benki kabla ya vita haikutosha kununua stempu ya barua.

Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefukuzwa Tanganyika mwaka 1920. Lakini hata kama njia ingekuwa wazi, wafadhili wao walikuwa na kidogo sana cha kutuma. Walimu na wazee wa Kichaga waliendesha ibada na shule, wakisaidiwa baadaye na Walutheri wa Marekani, hadi watu wa Leipzig walipoanza kurejea mwaka 1925.