Somo la 14: Shahada kwa Njia ya Posta

Leo tutazungumza juu ya shahada. Shahada ni hati ambayo chuo kikuu humpa mtu aliyemaliza masomo na kushinda mitihani yake.

Zamani ilimpasa mtu aende akakae chuoni miaka kadha. Hata mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wafanye mitihani yake ingawa hawakusoma London. Mtu alijifunza kwao, siku ikifika akafanya mtihani, akashinda au akashindwa.

Wako waliocheka elimu ya namna hii. Mwaka 1963 Harold Wilson, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka uliofuata, alitoa shauri la kuanzisha chuo kikuu cha kufundisha kwa redio na televisheni. Mbunge mmoja, Iain Macleod, aliuita mpango huo upuuzi mtupu. Lakini chuo hicho, Open University, kilipata hati ya kifalme mwaka 1969, masomo yakaanza 1971, na wanafunzi wa kwanza wakapata shahada mwaka 1973.

Na kwetu watani hawakosekani. Ukisema unasoma kwa posta, jirani atauliza kama tarishi naye atapewa shahada, kwa kuwa ndiye abebaye vitabu. Mwingine atatabiri kwamba hata paka wako atahitimu, maana kila usiku hulala juu ya daftari.

Chekeni tu. Lakini utabiri wa paka ulitimia! Mwaka 2004, huko Marekani, wapelelezi wa serikali ya jimbo la Pennsylvania walimwombea shahada paka aitwaye Colby Nolan. Waliandika kwamba amewahi kulea watoto na kufanya kazi mgahawani. Kampuni moja ya Texas, iliyojiita chuo kikuu, ilijibu kwamba kwa ujuzi huo mkubwa anastahili shahada ya juu zaidi, mradi aongeze fedha. Paka akapata shahada ya pili ya biashara, na kampuni ikashtakiwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fedha zenu. Kampuni ile haikumpa paka kitabu, haikusahihisha zoezi lake, wala haikumwuliza swali hata moja. Chuo cha kweli hakifanyi hivyo, hata kikiwa mbali. Nelson Mandela alisoma sheria kwa posta akiwa kifungoni, akapata shahada yake mwaka 1989, baada ya miaka mingi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, nacho huwatahini wanafunzi wake, na wengi wao ni watu wenye kazi na watoto.

Basi mtu akikuahidi shahada kwa juma moja, bila mtihani, funga mfuko wako. Katika Tanzania iko Tume ya Vyuo Vikuu. Kabla ya kulipa hata senti moja, uliza huko kama chuo hicho kinatambuliwa.

Sasa mwalimu aandike ubaoni maneno matatu: hati, mtihani, posta. Kila mtu ayanakili. Kisha mmoja wenu aeleze kwa nini Open University isingalimpa shahada paka yule.

Tutakutana tena Ijumaa, wakati kama huu. Kwaherini.