Filamu Isiyoshika

Neno letu la leo latoka katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 1, mstari wa 22 hadi 25. Kabla ya kulitazama, tutawasimulia safari moja ya ujana wetu.

Katika miaka ya 1980 sisi vijana wanne wa kanisa moja la Webuye tulichanga fedha za safari, tukaazima kamera. Mama mmoja mjane, mgonjwa wa siku nyingi, akatupa fedha za kununulia filamu. Maji makubwa aliyoyajua maishani ni Mto Nzoia unapoanguka pale Nabuyole. Akasema, "Wanangu, mimi bahari sitaifikia. Nileteeni niione."

Tulianzia karibu, Saiwa, upande wa Kitale. Mbuga hiyo ya taifa, iliyotengwa mwaka 1974, ni ndogo kuliko zote nchini Kenya, kama kilomita 3 za mraba tu, na watu huitembea kwa miguu. Ilitengwa kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, ambaye akiogopa hujificha majini akabakiza pua. Tulingoja juu ya mnara wa mbao tangu alfajiri. Alipotokea, tukapiga picha tatu.

Kisha tulipanda basi hadi Nairobi, na treni ya usiku hadi Mombasa. Tukaipiga picha Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Tukavuka daraja la Nyali, tukalipiga kaburi la Rosina, mke wa mmisionari Krapf, aliyefariki mwaka 1844, mwaka ule ule waliofika Mombasa, yeye na mtoto wake mchanga. Mwisho tukaipiga bahari, asubuhi na jioni, kwa ajili ya Mama. Namba za kamera zikafika 36.

Tuliporudi tulipeleka filamu kusafishwa Bungoma. Mpiga picha akatuonyesha: filamu ilikuwa tupu. "Ulimi wake haukushika ndani," akasema. "Mkono ulisogeza na namba zikahesabu, lakini filamu ilikaa palepale. Hamkukitazama kifundo hiki cha kushoto? Filamu ikienda, nacho huzunguka. Mngaligundua njiani, mngaliifunga upya mkaanza tena."

Tulimwendea Mama kwa aibu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niambieni kwa kinywa. Maji yakirudi nyuma yanaacha nini?" Watatu wetu tukatazamana. Tulikuwa pale pwani, lakini jicho moja tulilifumba na la pili lilikuwa kwenye kitundu cha kamera, tukihesabu picha zilizobaki. Ndipo yule wa nne, ambaye hakupewa zamu ya kamera, akasimulia jinsi maji yalivyokupwa yakaacha mchanga wenye matuta kama shamba lililolimwa, na ngalawa zikalala ubavu, na watoto wakaokota kombe wakiimba. Mama alisikiliza amefumba macho. Akasema, "Sasa nimeiona." Kabla ya mavuno ya mahindi tulimzika.

Ndugu wapendwa, Yakobo asema kwamba mwenye kulisikia Neno bila kulitenda amefanana na mtu ajitazamaye katika kioo, akaenda zake, akasahau uso wake ulivyo. Sisi nasi twahesabu: ibada za Jumapili, mikutano ya injili, miaka tangu tubatizwe. Namba zasogea. Lakini je, Neno limeshika ndani?

Mtatambuaje? Kitazameni kifundo. Hakiko kanisani, kiko nyumbani na shambani. Ulisikia mahubiri juu ya msamaha. Je, umezungumza na jirani mliyegombania mpaka? Ulisikia juu ya haki. Je, kibarua wako amepata ujira wake? Ulisikia juu ya wagonjwa. Ni nani uliyeketi kando ya kitanda chake juma hili, bila kutazama saa? Ikiwa hapo hakuna kilichozunguka, tusijidanganye kwa namba.

Wala tusikate tamaa. Filamu yetu iligunduliwa safari imekwisha, na Mama hakuuona uso wa bahari ila kwa maneno ya mmoja wetu. Bali wewe usikiaye leo ungali njiani. Fungua moyo mbele za Bwana, Neno lishikwe upya, uanze tena.

Tuombe. Ee Bwana, tumesikia mengi na kutenda machache. Utusamehe. Neno lako lishike ndani yetu, lionekane nyumbani mwetu leo, kabla safari haijaisha. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.