MANENO YA KATIBU KATIKA MKUTANO WA USHIRIKA: MFUKO WA BAISKELI YA MAZIWA



Leo sina maneno mengi. Mnajua yaliyonipata mwezi uliopita. Zamu ilikuwa yangu. Nikafunga madumu mawili kwenye keria, nikaondoka alfajiri. Mfuko nimeujaza spana saba, nyundo na bisibisi. Nikajiona fundi kweli kweli! Nusu ya njia, mwiba. Kutazama, pampu nimeiacha nyumbani, na gundi ya viraka imekauka. Nikasukuma baiskeli mpaka saa nne, jua kali. Maziwa yakakataliwa, yamechacha. Hasara ile ni ya kaya tisa, siyo yangu peke yangu. Naomba radhi tena, na malipo yangu ya mwezi huu yafidie.

Basi tujifunze. Safarini tunachukua chombo cha kutengenezea kile kinachoharibika njiani. Na kinachoharibika sana ni mpira wa ndani. Kwa hiyo:

1. Pampu. Ijaribu kabla ya kuondoka.
2. Viraka, msasa na gundi. Gundi ikishafunguliwa hukauka, hata ukiifunga tena. Tuibonyeze kila wiki.
3. Vijiko viwili vya chuma vya kubandulia tairi. Bisibisi iacheni, inatoboa mpira.
4. Spana moja tu, ile inayoenea nati za gurudumu la nyuma.
5. Kipande cha tairi kuukuu, cha kuweka kwa ndani tairi likichanika.
6. Waya kidogo na kamba ya mpira.

Pancha ikitokea, tafuta mwiba kwanza. Papasa ndani ya tairi polepole. Usipoutoa, utaziba na mpira utatoboka tena palepale. Ukishapaka gundi, usibandike haraka. Ngoja kama dakika 5, ikauke kidogo, ndipo kiraka kishike.

Mnyororo, spoku na breki, hivyo tuvitazame nyumbani jioni. Ukibeba karakana nzima unaongeza uzito bure.

Sasa ndugu zangu tuamue. Mfuko uwe mmoja na ukae na baiskeli, usikae kwa mtu. Anayetoka zamu na anayeingia wahesabu pamoja vitu vyote, namba 1 mpaka 6. Mimi wa kwanza kuhesabiwa.

Wanaokubali wanyooshe mikono. Tahadhari kabla ya hatari.