Kovu la Tiba Ndani ya Moyo



Moyo hupiga kwa amri ya umeme wake wenyewe. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kwamba vurugu ya mapigo katika vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huanzia katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo, madaktari bingwa hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha huunguza au kugandisha tishu zinazozunguka midomo ya mishipa hiyo. Kusudi ni kuacha kovu, kwa kuwa kovu halipitishi umeme.

Swali gumu ni hili: je, kovu limekamilika? Tishu iliyofikia joto la nyuzi 50 za Selsiasi na zaidi hufa. Iliyo pembeni huvimba na kuzimia tu. Siku ya tiba, zote mbili huwa kimya katika kipimo cha umeme. Uvimbe ukishuka, iliyozimia huamka, na mwanya mdogo watosha kurudisha maradhi. Ndiyo sababu picha ya MRI ya kutafuta kovu la kudumu hupigwa baada ya miezi 3 hivi; mapema zaidi, uvimbe hujifanya kovu.

Kwa hiyo mgonjwa akirejea kijijini na mapigo yakaruka wiki za mwanzo, si lazima tiba imeshindwa. Wala mapigo yakitulia, hiyo si ruhusa ya kuacha dawa za kuzuia damu kuganda. Hutumiwa angalau miezi 2, na walio katika hatari ya kiharusi huendelea nazo.

Jambo moja zahanati isilikose. Umio hupita nyuma ya moyo, jirani kabisa na panapounguzwa. Ni nadra, lakini jeraha likitoboa hadi umio, huua. Homa, maumivu ya kifua, shida ya kumeza au dalili za kiharusi ndani ya miezi 2 baada ya tiba zisidhaniwe kuwa malaria tu. Mgonjwa apewe rufaa siku hiyo hiyo, na barua itaje tiba aliyofanyiwa na tarehe yake. Kipimo chake ni CT ya kifua, si kamera ya kooni, kwa kuwa hewa inayopulizwa na kamera hiyo huweza kuingia moyoni.

Karatasi za hospitali, basi, zitunzwe nyumbani na ziletwe kila mara. Ndizo zitakazomweleza tabibu wa zahanati habari za kovu asiloweza kuliona.