Mama Anayelala Ameketi
Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi wa Nanganga

Ndugu zetu wa Nanganga, na ninyi mliotoka Masasi na mlioteremka kutoka Newala,

Leo hatukuja kusema habari za bei ya korosho. Tumekuja kusema habari za mama aliyejifungua salama, vigelegele vikapigwa, mtoto akapewa jina, kisha wiki ya tatu yule mama akaanza kulala ameketi.

Lishikeni neno hilo: kulala ameketi. Akijinyosha kitandani pumzi humpaa. Usiku huamka akihema kama aliyepanda mlima wa Newala na ndoo ya maji kichwani. Anakohoa, miguu inavimba, moyo unamwenda mbio naye hajainuka hata mkekani. Jirani mmoja husema ni safura, mwingine pumu, mwingine kifua kikuu, wala hakosekani wa kusema amerogwa. Mama mkwe naye husema, "Hata mimi nilipozaa nilichoka." Hapo ndipo siku zinapopotea, kwa kuwa ni kweli kila mja mzito huchoka, na miguu huvimba kidogo.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Misuli ya moyo hulegea, moyo ukatanuka na kushindwa kusukuma damu. Maji yakajaa mapafuni na miguuni. Hutokea mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano baada ya kuzaa, kwa mwanamke ambaye moyo wake haukujulikana kuwa na kasoro. Chanzo chake hakijajulikana chote. Wenye mimba ya mapacha, waliopata shinikizo la damu katika mimba, na waliopita miaka 30 wamo hatarini zaidi. Lakini hata binti wa mimba ya kwanza aweza kupatwa.

Huko Zaria, kaskazini ya Nigeria, ugonjwa huu ni mwingi mno. Zamani madaktari walizilaumu desturi za wazazi wa Kihausa: kuoga maji ya moto, kulala juu ya kitanda cha udongo kilichokokewa moto, kunywa uji wenye magadi. Uchunguzi uliotolewa Nigeria mwaka 2020 haukuziona desturi hizo kuwa na hatia. Uliona kuwa wengi waliopatwa ni wasiosoma, wasio na kazi, na waliokonda. Twalisema hili makusudi, maana ni rahisi mno kuwatupia lawama mabibi zetu na mila zao.

Dawa zipo: za kutoa maji mwilini na za kuusaidia moyo. Nyingine hazifai kwa mja mzito, hivyo daktari hana budi kuambiwa. Ndanda hospitali iko papo hapo njiani, na Masasi iko Mkomaindo. Anayeshindwa kulala chali asingoje siku arobaini zitimie. Apelekwe usiku huo huo, naye aketishwe garini, asilazwe. Wengi hupona, aghalabu katika miezi sita, ingawa wako ambao moyo haurudi kama ulivyokuwa.

Sasa ninyi waume mliosimama nyuma kule. Mimba nyingine yaweza kuurudisha ugonjwa huu, hata kwa aliyedhaniwa amepona. Kwa hiyo siku mkeo anapokwenda kupimwa, fuatana naye, uingie ndani, umsikie daktari kwa masikio yako mwenyewe, mpange uzazi wawili. Asiachiwe yeye peke yake kuja kukueleza nyumbani.